Sumaku Isiyotarajiwa

Mazungumzo baada ya habari, kwa wanajeshi na polisi



Katika mazungumzo yetu ya leo tunapenda kusema hasa nanyi wanajeshi na polisi, mlioko makambini, vituoni na kwenye vizuizi vya barabarani, juu ya jambo ambalo kwa zaidi ya miaka 20 limewashughulisha wataalamu wa fizikia duniani. Jambo lenyewe ni hili: vitu fulani ambavyo kila mtu alijua kwamba havina nguvu ya sumaku, vikifanywa unga mwembamba kupita kiasi, au vikichanganywa na utando wa kaboni uitwao grafini, huonekana kuvutwa na sumaku. Mara nyingine nguvu hiyo ni ya kweli. Mara nyingine ni uchafu tu ulioingia bila mtafiti kujua. Kuzitenganisha hali hizo mbili kumewagharimu wataalamu miaka mingi ya kazi. Njia waliyoifuata ndiyo tunayotaka kuieleza jioni hii, kwa sababu mlinzi wa raia naye hutakiwa kila siku kutenganisha dalili ya kweli na dalili ya uongo. Na akikosea, kuna mtu atakayelala gerezani bila hatia, au kuna bomu litakalopita.

Tuanze na chombo kilicho karibu nanyi, yaani redio yenyewe. Ndani ya spika ya redio mna kipande cha sumaku, mara nyingi cheusi na cha mviringo. Watu wengi hudhani kwamba kipande hicho ni chuma kitupu. Sivyo. Kwa kawaida ni oksidi, maana yake ni chuma kilichoungana na oksijeni pamoja na madini ya bariamu au strontiamu, kikafinyangwa na kuchomwa kama chungu. Sumaku za namna hiyo zilitangazwa mwaka 1952 na watafiti wa kampuni ya Philips ya Uholanzi, nazo zikaenea duniani kwa kuwa ni rahisi kutengenezwa. Fundi wa redio katika mtaa wa Cibitoke, hapa Bujumbura, anapoivunja spika iliyokufa, aweza kuitunza ile sumaku ili aokotee skrubu zilizoanguka. Lakini kutu inayokula mabati ya nyumba nayo ni chuma kilichoungana na oksijeni, na kutu haiokoti skrubu yoyote. Chuma ni kile kile na oksijeni ni ile ile. Kinachotofautiana ni mpango wa atomi.

Mpango huo, ndugu wasikilizaji, nyinyi mnaweza kuuelewa upesi kuliko watu wengine, maana ni kama gwaride. Kila atomi ya chuma, ya kobalti au ya nikeli ni sumaku ndogo yenye upande wake wa kutazama. Atomi zikitazama upande mmoja, kama kikosi kilichopewa amri moja, nguvu zake hujumlishwa, na kitu kizima kinakuwa sumaku. Katika oksidi ya nikeli hali ni nyingine. Safu moja hutazama mbele, safu ya pili hutazama nyuma, ya tatu mbele tena, na hivyo hivyo hadi mwisho. Kila safu huifuta nguvu ya jirani yake. Kwa hiyo kipande cha oksidi ya nikeli, hata kiwe kikubwa namna gani, hakivuti pini. Na tukumbuke kwamba nikeli si jina geni kwetu: akiba kubwa ya madini hayo imo katika ardhi ya Musongati, na nyingine iko Kabanga, ng'ambo ya mpaka wetu, katika Wilaya ya Ngara nchini Tanzania.

Aliyeufafanua mpango huo wa safu zinazopingana ni Mfaransa Louis Néel, ambaye mwaka 1970 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, huyu Néel aliitumikia nchi yake kwa elimu hiyo hiyo ya sumaku. Wajerumani walikuwa wakitega baharini mabomu yaliyolipuka pindi yanapohisi sumaku ya meli ya chuma ipitayo juu yake. Néel akabuni njia ya kuipa meli sumaku ya kupingana na ile inayotokana na sumaku ya dunia, hivyo bomu likawa halihisi kitu. Mabaharia wengi waliokoka kwa sababu mtu mmoja alijua nguvu ile inatoka wapi.

Mwaka 1961 Néel huyo huyo alieleza jambo lililokuwa likiwashangaza watafiti tangu miaka ya 1950. Oksidi ya nikeli ikifanywa kuwa chembe ndogo mno, huanza kuonyesha sumaku hafifu. Sababu yake ni hii. Katika kikosi cha safu 1,000 zinazotazama kwa kupokezana, ikizidi safu moja upande mmoja, hakuna atakayeitambua. Lakini katika kundi la safu 5, tatu hutazama mbele na mbili nyuma. Ile moja iliyozidi haina wa kuifuta. Tena katika chembe ndogo sehemu kubwa ya atomi ziko juu ya uso, ambako hazina majirani wa pande zote wa kuzishurutisha, nazo hukaa kwa upogo. Ndiyo maana kitu kinapokuwa kidogo sana hubadilika tabia, ijapokuwa dutu yake haikubadilika.

Udogo tunaousema hapa hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa nanomita zipatazo 80,000. Chembe tunazozizungumzia zina upana wa nanomita 5, 10 au 20.

Sasa tuje kwenye grafini. Ukiandika kwa penseli, alama nyeusi inayobaki juu ya karatasi ni grafiti, ambayo ni kaboni iliyopangika tabaka juu ya tabaka. Madini hayo huchimbwa pia Afrika Mashariki, na milima ya Mahenge huko Tanzania inajulikana kwa wingi wake. Tabaka moja peke yake, lenye unene wa atomi moja tu, ndilo liitwalo grafini. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walionyesha jinsi ya kulibandua na kulichunguza, nao mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobel. Grafini iliyo safi na isiyo na kasoro haina sumaku. Kama grafiti, hukimbia sumaku kidogo badala ya kuifuata.

Wataalamu walipozipandikiza chembe za oksidi ya chuma, ya nikeli, ya zinki au ya kobalti juu ya utando wa grafini, waliona mambo ambayo hayakupatikana kwa kujumlisha tu sifa za kimoja na sifa za kingine. Mara sumaku iliongezeka, mara ilipungua, mara ilitokea pale isipotarajiwa. Sababu kadhaa za kweli zinajulikana. Kwanza, utando wa grafini huzishika chembe zisirundikane, nazo hubaki ndogo na kuonyesha ile tabia ya udogo. Pili, elektroni huweza kuhama kati ya oksidi na grafini. Tatu, mahali ambapo utando umetoboka kwa kukosa atomi moja ya kaboni, tundu hilo lenyewe huwa kama sumaku ndogo; jambo hilo lilithibitishwa Manchester mwaka 2012, ingawa matundu hayo hayajipangi pamoja kuwa sumaku kamili. Katika oksidi nazo, kukosekana kwa atomi za oksijeni juu ya uso kumetajwa kuwa sababu. Mwaka 2006 watafiti wa Bangalore, India, walitangaza kwamba chembe ndogo za oksidi kadhaa zisizo na sumaku, ikiwemo ya zinki na ya alumini, zilionyesha sumaku hafifu katika joto la kawaida.

Michanganyiko hii si mchezo wa maabara. Unga wa grafini wenye oksidi ya chuma unaweza kutiwa katika maji machafu ukashika sumu, kisha ukavutwa nje kwa sumaku pamoja na sumu hiyo. Michanganyiko mingine humeza mawimbi ya rada. Kwa hiyo mataifa yanaitafuta, na pale penye kutafutwa, tamaa ya kupata hutangulia subira ya kupima.

Hapo ndipo penye fundisho letu. Mwaka 2001 jarida mashuhuri la sayansi, Nature, lilichapisha habari kwamba kaboni ya aina fulani, iliyokandamizwa kwa joto na mgandamizo mkubwa, imegeuka sumaku. Dunia ilishangilia. Mwaka 2006 taarifa hiyo iliondolewa rasmi, kwa kuwa uchunguzi ulionyesha kwamba sampuli zilikuwa na chuma ndani yake. Mwaka 2004 jarida hilo hilo lilichapisha habari kutoka Dublin, Ireland, kwamba utando wa oksidi ya hafniamu, ambayo haina atomi yoyote ya sumaku, umeonekana kuwa sumaku. Mwaka uliofuata watafiti wa kampuni ya IBM ya Marekani walitengeneza utando kama huo, wakaupima, wasione kitu. Kisha wakaushika kwa kibanio cha chuma cha pua, kile kile ambacho hutumika kila siku katika maabara, sumaku ikaonekana. Kibanio kilikuwa kimeacha chembe zake pale kilipogusa. Na mwaka 2012 wataalamu wa Manchester walionyesha kwamba hata grafiti ya bei kubwa, inayouzwa kuwa safi kabisa, huweza kuficha chembe za madini ya chuma, na kwamba baadhi ya sumaku iliyosifiwa kuwa ni ya kaboni ilikuwa ya chembe hizo.

Vipimo vya siku hizi ni vikali mno. Chembe ya chuma yenye uzito wa sehemu moja ya milioni ya gramu, ambayo jicho halihangaiki nayo, kwa chombo hicho hupiga kelele kama tarumbeta. Hivyo chombo hakikusema uongo. Kilisema kweli kwamba pana sumaku. Waliokosea ni binadamu, walioharakisha kusema sumaku hiyo ni ya nani.

Ndugu polisi, maneno hayo yanawahusu nyinyi moja kwa moja. Turudi Cibitoke, mtaa wenye watu wengi, karibu na Kamenge, Kinama na Ngagara. Tuseme usiku mmoja duka limevunjwa na kufuli lake limekatwa. Asubuhi anakamatwa kijana, na katika shati lake unakutwa unga wa chuma. Ushahidi umepatikana! Lakini je, ukumbi wa nyumba yao unatazamana na banda la mtu anayechomelea milango na madirisha? Je, jirani zake wasiokuwa na shaka yoyote, wakipanguswa nguo zao, hawatakutwa na unga ule ule? Je, askari aliyelishika shati hilo alikuwa ametoka kulishika kufuli lililokatwa, bila kunawa mikono wala kubadili mfuko? Ikiwa ni hivyo, huenda unga ulitoka mkononi mwa askari mwenyewe, kama vile sumaku ya hafniamu ilivyotoka katika kibanio cha mtafiti. Unga ni wa kweli na upo. Swali ni umetoka wapi. Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo inafaa barazani, lakini haitoshi kumpeleka mtu mahakamani.

Nanyi ndugu wanajeshi, lenu liko ardhini. Chombo cha kutambulia mabomu yaliyofukiwa hutuma uga wa sumaku unaobadilikabadilika. Kipande cha chuma kilichofukiwa hujibu, na chombo hulia. Lakini udongo mwekundu wa nchi za joto, kama huu wa vilima vyetu, hubeba chembe za oksidi ya chuma, na baadhi yake hazizidi nanomita 30. Chembe hizo nazo hujibu kwa namna yake. Chombo kisichorekebishwa huweza kulia mahali pasipo na kitu, au kupunguziwa ukali hata kikapita juu ya bomu kikiwa kimya. Waliosafisha mabomu ya ardhini katika Afrika wanaijua taabu hiyo, na Burundi, iliyo miongoni mwa nchi zilizokwisha kutangaza kumaliza kazi ya kuyaondoa, haiwezi kuisahau. Wanajeshi wetu waliotumikia Umoja wa Afrika nchini Somalia, tangu mwezi wa Desemba 2007, walipita barabara ambazo hatua moja iliyokosewa ilikuwa ya mwisho.

Dawa ya taabu hiyo ni kumwita shahidi wa pili asiye wa ukoo mmoja na wa kwanza. Huko Morogoro, Tanzania, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya wakubwa kunusa baruti. Panya hajali chuma wala udongo mwekundu. Yeye hufuata harufu ya baruti tu. Panya hao walifanya kazi Msumbiji, nchi ambayo mwaka 2015 ilitangazwa kuwa imesafishwa mabomu ya ardhini yanayojulikana. Pale chombo cha sumaku kinapodanganywa na udongo, pua ya panya haidanganywi kwa udongo huo. Mashahidi wawili wenye udhaifu wa namna moja ni sawa na shahidi mmoja.

Lakini kuna hatari iliyo kubwa kuliko udongo, nayo ni ya mtu anayekuja na mkoba wa ngozi kuuza miujiza. Mwingereza James McCormick aliuza kifaa kiitwacho ADE 651, chenye mpini na mkonga kama wa redio, akidai kwamba kinatambua mabomu kutoka mbali kwa nguvu za sumaku na umeme. Ndani hakikuwa na kitu cha kufanya kazi. Serikali ya Iraq ilikinunua kwa fedha nyingi, na askari wake wakasimama vizuizini wakiwa wamekishika, wakayaruhusu magari yapite kwa kuwa mkonga haukugeuka. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimtia hatiani kwa udanganyifu, akahukumiwa kifungo cha miaka 10. Hata hivyo vifaa hivyo viliendelea kutumika Baghdad hadi mwezi wa Julai 2016, ambapo Waziri Mkuu wa Iraq aliamuru viondolewe, baada ya mlipuko mkubwa wa Karrada kuua watu mamia. Askari wale hawakuwa wajinga wala waoga. Walipewa kitu ambacho hakuna aliyekijaribu kwa haki kabla ya kuwakabidhi roho zao.

Kujaribu kwa haki si kazi ngumu. Chukua masanduku 10 yaliyofungwa, tia kitu kinachotafutwa katika sanduku moja, na anayeshika kifaa asijue ni lipi, wala yule anayemsimamia asijue. Rudia mara nyingi na uandike kila jibu. Kifaa kikipata mara moja katika kila kumi, hicho ni sawa na kupiga ramli.

Basi, ndugu wasikilizaji, tusije tukafika upande wa pili wa kosa, tukakataa kila jambo jipya kwa kuwa hatukulitarajia. Sumaku ya chembe za nikeli ilikuwa kweli. Sumaku ya matundu ya grafini ilikuwa kweli. Laiti watafiti wangedharau kila kisichotarajiwa, elimu isingesonga mbele hata hatua moja. Jambo lisilotarajiwa halistahili kushangiliwa wala kutupwa, linastahili kuhojiwa. Na maswali ya mtafiti ni haya, ambayo askari aweza kuyachukua kama yalivyo. Kwanza, kabla ya kukipima kitu, je, umepima mkono wako, chombo chako na mfuko wako vikiwa vitupu? Pili, ukiondoa kile unachodhani ni sababu, je, dalili inaondoka? Na ukikiongeza, je, dalili inaongezeka? Tatu, je, mtu mwingine, kwa chombo kingine na bila kujua jibu ulitakalo, ameona uliyoyaona wewe? Nne, je, umeandika yote, pamoja na yale yanayokupinga?

Afisa anayeyauliza maswali hayo hachelewi kazini. Haraka haraka haina baraka, na kesi iliyojengwa juu ya unga wa jirani huvunjika mbele ya hakimu, mwizi wa kweli akiwa bado anatembea mitaani. Wala mkuu asimwone mkaidi yule askari wa chini anayesema, "Afande, chombo hiki tukijaribu kwanza." Askari huyo huenda amekiokoa kikosi kizima. Kuuliza si ujinga, na katika kazi yenu kutouliza huweza kuwa kifo cha mwenzako.

Vijana wetu walioko Chuo Kikuu cha Burundi wana haki ya kutazamia kwamba siku moja nikeli ya nchi hii itachunguzwa na mikono yao wenyewe, hadi kwenye chembe ya nanomita 10. Siku hiyo ikifika, heshima ya maabara yao itatokana na usafi wa vibanio vyao kabla ya ukubwa wa habari watakazotangaza. Na heshima ya sare mliyoivaa usiku huu, kizuizini, kituoni au kambini, imo katika jambo hilo hilo: kwamba raia akisikia mmesema "tumeona," ajue kwamba kwanza mlitazama vizuri.

Tunawatakia zamu njema.